Nilivyomwagia maji jiko la baba mkwe siku aliyotoa tangi la tukutuku lake

Wakuu, marahaba. Najua wengi hamjaniamkia, lakini kwa umri wangu naitikia mapema nisije nikasahau.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu. Simu ni yangu, vidole ni vyangu, msiniulize nani ananiandikia. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kimya muda mrefu tu.

Jana kwenye jukwaa la magari nimeona mtu anauliza namna ya kutoa tangi la pikipiki ya zamani nyumbani ili azibe tundu. Kuna mjuaji akamjibu: mwaga mafuta, anika juani nusu saa, lehemu, maisha yaendelee. Na like amepata.

Nikaona nifungue uzi kabisa. Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Nusu niliyaona, nusu niliyasikia tu, na sababu mtaielewa mbele. Chumvi sijaongeza, hata kwenye mboga daktari amenikataza.

Twende.

Mimi ni Mhehe wa Iringa mjini. Miaka ya hamsini baba yangu alikuwa fundi pale. Anatengeneza baiskeli, karabai, stovu za mafuta ya taa na tukutuku. Tukutuku ndiyo hiyo hiyo pikipiki, siku zile tuliiita kwa mlio wake.

Nyumbani tulikuwa wasichana watupu. Kwa hiyo spana nilishika mimi, mpaka nikawa najua saizi ya nati kwa kuipapasa tu.

Kwenye matangi nilikuwa na kazi yangu maalum, nayo ni maji. Tangi likitolewa, nalijaza maji mpaka juu, namwaga, najaza tena. Baba halisogelei na chuma cha moto mpaka aone maji yamefika shingoni, limebaki lile tundu tu analotaka kuziba.

Baba hakuwa mtu wa masharti mengi, ila hilo alikuwa mkali nalo. Alikuwa na fundi mwenzake, mtu mzima, mzoefu. Yule alilehemu tangi lililokaa tupu siku mbili. Limekauka, ukitikisa hakuna kitu. Lililipuka. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, na tulimfunika na mkeka ule ule aliokuwa amekalia. Naomba hapo nisiongeze.

Basi nikakua, akatokea dereva wa lori. Mnyakyusa, mrefu, mpole. Lori lake lilikuwa linaharibika kila likifika Iringa. Baadaye aliniambia lilikuwa zima.

Nikaolewa Mbeya. Watu wake walikuwa wamehama Tukuyu wakaja kulima Ilomba. Ninyi mnaojua Ilomba ya sasa yenye nyumba zimebanana, futeni hiyo picha. Ilikuwa mahindi na viazi, nyumba mbali mbali, na baridi ya kukuuma masikio.

Sasa wakuu, hapa someni taratibu, maana bila hili uzi wote hautaeleweka.

Kwenye ukoo ule mkamwana haonani na baba mkwe. Sisemi haongei naye, nasema HAONANI. Akipita njia hii, wewe unaingia majanini. Akikaribia nyumba yenu anakohoa, unajifunika kanga na kugeukia ukuta. Sauti yako asiisikie. Jina lake hulitaji. Ndugu zake wa kiume nao ni hivyo hivyo, kwa sababu wote ni baba mkwe.

Kanisani walikuwa wanaenda, Biblia wanasoma, lakini hili halikuguswa. Ni heshima, ndivyo nilivyoelezwa. Kwetu Iringa mkwe anaheshimiwa sana, ila unamsalimia na salamu zenyewe ni ndefu mpaka ugali unapoa. Hii ya kutoonana kabisa ilinipa tabu.

Mwaka mzima nilikaa pale na sura ya baba mkwe siijui. Nilijua kikohozi chake, sauti yake na miguu yake. Miguu kwa sababu ukijifunika kanga unabaki unaona chini tu. Alikuwa anavaa makatambuga ya tairi la lori, na kidole gumba cha kulia kilikuwa hakina kucha.

Mama mkwe ndiye alikuwa daraja. Mtu mzuri sana yule mama, alinifundisha Kinyakyusa mpaka nikawa naota kwa Kinyakyusa. Kila neno kati yangu na mzee lilipita kwake.

Niseme pia kwamba ukivunja huo mwiko unarudishwa kwenu. Wazazi wako waje na ng'ombe, wazee wakae, ndipo ionekane kama utapokelewa tena. Kulikuwa na mwanamke jirani alirudishwa kwao Rungwe na hakuwahi kupokelewa. Watoto walibaki kwa baba yao.

Na mimi wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza.

Samahani, nilikuwa nimeweka maharage motoni, naendelea.

Baba mkwe alipata tukutuku. Mzungu mmoja alikuwa akichimba dhahabu kule Chunya, mambo yakamwendea vibaya, akawa anauza vitu aondoke. Mzee akabadilishana naye kwa mahindi na fahali mmoja. Lilikuwa kuukuu hata kwa siku zile. Gia yake ni ya mkono, imefungwa ubavuni mwa tangi. Vijana wa sasa hamjawahi kuiona hiyo kitu.

Alilipenda, acha tu. Jumapili anaenda nalo kanisani, watu wanasikia anakuja kabla hajaonekana.

Shida ilikuwa tangi. Lilitoboka chini kwenye maungio, petroli inadondokea injini. Akaziba kwa kusugua kipande cha sabuni ya mche. Wakuu msicheke, sabuni inaziba kweli, petroli haiiyeyushi. Lakini barabara za wakati ule, tikisa tikisa, sabuni inabanduka. Siku moja akarudi kutoka Songwe analisukuma.

Ndipo akatangaza kwamba atalitoa tangi mwenyewe, hapo hapo nyumbani, alehemu. Vifaa aliviazima mjini kwa fundi mmoja Mswahili wa pwani, mtu wa msikitini, aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Aliazima chuma cha kulehemu, risasi ile ya kuyeyusha na asidi ya kusafishia bati. Ushauri hakuazima.

Ilikuwa asubuhi ya jua. Mume wangu yuko safari na lori. Mzee yuko uani kwake pamoja na mdogo wake, ambaye nitamwita baba mdogo. Kati ya uwanja wao na kwangu kuna ua wa matete. Mimi niko upande wangu napukuchua mahindi, mama mkwe yuko nami.

Sioni kitu, lakini nasikia. Na kwa mtoto wa fundi, kusikia kunatosha.

Nikasikia anafunga koki. Vizuri. Akafungua bomba la petroli. Akaweka ndoo, akafungua koki tena, petroli ikachuruzika mpaka ikaisha. Akafungua mkono wa gia, hapo alihangaika maana nati ilikuwa na kutu. Halafu boliti za chini, mbili mbele, mbili nyuma, na mpira wake wa kuzuia mtikisiko. Nikawa namfuata kichwani hatua kwa hatua, karibu nimpe spana.

Nikajua pia kosa la kwanza. Tangi la tukutuku la zamani limekaa kama mtu aliyepanda punda, mguu huku, mguu kule. Koki iko mguu mmoja. Ukimwaga huu, ule mwingine unabaki na mafuta yake. Kweli alipoliinua nikasikia chwaa, na baba mdogo akapiga kelele kwamba amelowa suruali.

Hilo kosa halina madhara sana, wengi hulifanya. Walilipindua, wakamwaga yaliyobaki, wakaondoa tukutuku.

Kosa la pili ndilo hili la like nyingi. Mzee akasema liwekwe juani, mfuniko wazi, likauke. Akamwambia mdogo wake awashe mkaa.

Mikono yangu ikasimama kwenye mahindi.

Nikamwambia mama mkwe, kwa sauti ya chini, amwambie mzee ajaze tangi maji kwanza. Tangi kavu ndilo baya zaidi kuliko lenye mafuta, kwa sababu ndani umebaki mvuke, na mvuke ukipata moto hausubiri. Nikamweleza habari ya yule fundi wa Iringa. Akanitazama usoni, akainuka, akaenda.

Nikamsikia anamwambia mzee kwamba huwa wanajaza maji. Mzee akauliza nani huwa anajaza. Mama akanyamaza. Angesema ni mimi, angekuwa anasema mkamwana anamfundisha kazi baba mkwe.

Baba mdogo akacheka, akasema maji na petroli wapi na wapi, tangi litaoza kutu. Mzee akasema kwa upole tu kwamba limeshakauka, harufu yenyewe haipo.

Mama akarudi, akakaa. Akashika gunzi lakini hapukuchui.

Nikamwomba arudi tena. Alienda. Safari hii hata neno hakumaliza, mzee alimwambia amwache afanye kazi.

Upande wa pili nasikia kipepeo kinapepea mkaa. Fap, fap, fap. Kisha chuma kikachomekwa kwenye mkaa, nikasikia kinavyokwaruza. Baba mdogo akauliza tangi aliweke wapi. Mzee akasema lete hapa hapa karibu na jiko.

Wakuu, niliogopa. Naandika hivi hivi, niliogopa mpaka meno yakawa yanagongana. Na sikuogopa kitu kimoja. Niliogopa tangi na niliogopa kurudishwa. Nikawaza mtoto niliye naye tumboni, nikizaa atakuwa wa kwao, na mimi niko Iringa. Nikawaza pia kwamba nikikaa kimya hakuna atakayejua kwamba nilijua. Mama mkwe ataomboleza na mimi nitaomboleza naye, na nitaheshimiwa sana.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyanyua.

Kulikuwa na debe la maji ya kufulia pale mlangoni. Nikajifunika kanga kichwa na uso mpaka kifuani. Nikabeba debe. Mama mkwe alinishika mkono, kisha akauachia. Nimelifikiria sana lile kuachia, na hatukuwahi kulizungumza.

Nikapita kwenye mlango wa ua.

Naona chini tu. Nikaona udongo, nikaona spana zimepangwa juu ya gunia, nikaona miguu miwili ya baba mdogo, halafu makatambuga. Kati yake jiko, chuma ndani yake mpini nje. Tangi liko hatua moja, mdomo wazi, limeangalia jiko.

Makatambuga yakasogea. Mkono ukashuka kuelekea kwenye mpini.

Nikamwaga debe lote juu ya jiko.

Mvuke ulipanda, majivu yakanirukia miguuni, chuma kikalia. Nikageuka, nikarudi kwa njia niliyojia, nikaweka debe pale pale mlangoni. Nikaingia ndani.

Baba mdogo ndiye aliyeanza. Alisema maneno mengi, mengine siyaandiki humu mods watafuta. Kwamba nimewavua nguo wazee, kwamba Wahehe hawana adabu, kwamba nifungashe vitu vyangu. Mzee sikumsikia. Hata kukohoa hakukohoa.

Nilifungasha. Kanga mbili, sufuria, na blanketi alilonipa mama yangu. Mama mkwe alikuja akakaa kitandani analia, hanifukuzi, hanizuii. Ikaamuliwa nisubiri mume wangu arudi, kikao kikae.

Kesho yake mzee akalifunga tangi kwenye baiskeli pamoja na chuma alichoazima, akaenda mjini kwa yule fundi Mswahili. Alirudi alasiri, tangi limelehemiwa, na maji bado yanadondoka mdomoni mwa tangi. Mama mkwe ndiye aliyenipa habari. Alisema fundi alilijaza maji kwanza, bila kuulizwa. Halafu akamuuliza mzee kwa nini chuma kimelowa na mkaa umekigandia. Mzee akamweleza. Fundi akauliza ni nani huyo aliyeuzima moto. Mzee akafunga tangi lake kwenye baiskeli.

Mimi hiyo haikunipa matumaini. Kuwa sahihi kuhusu tangi ni kitu kimoja, mwiko ni kingine. Ng'ombe wa mwiko haulizi tangi lilikuwa na nini.

Siku ya tatu mume wangu akarudi, kikao kikakaa. Wanaume uani, mimi nyuma ya matete na mzigo wangu umefungwa.

Baba mdogo akaeleza yote, na kwa kweli hakudanganya hata kidogo. Nilitoka, nilipita mbele yao, nilisimama hatua mbili kutoka kwa baba mkwe, nikamwaga maji kwenye moto wake. Akataka nirudishwe Iringa siku hiyo hiyo, na ng'ombe atajwe.

Mume wangu akaulizwa ana la kusema. Alisema aliyetendewa ni baba, basi aseme baba. Nilimkasirikia sana pale, nilitaka anitetee. Sasa hivi najua angenitetea angeharibu.

Kisha mzee akakohoa kile kikohozi chake, mimi nyuma ya matete nikajifunika bila kufikiri.

Akamuuliza mdogo wake, "Huyo unayemsema, uliona uso wake?"

Baba mdogo akasema hapana, alikuwa amejifunika. Lakini alimjua, nani asiyemjua, alimwona jinsi anavyotembea na lile tumbo.

Mzee akasema, "Mimi siku ile sikuona mtu. Niliona debe la maji limekuja, likazima moto, likaondoka. Kama wewe ulikaa ukamtazama mkamwana wangu mpaka ukajua tumbo lake na mwendo wake, basi hilo ndilo tulizungumze. Ng'ombe wako yuko wapi?"

Wakuu, kile kikao kiliisha hapo hapo. Nilisikia mtu mmoja amepaliwa, sijui kwa kicheko au kwa kikohozi. Baba mdogo akatafuta kofia yake, akakumbuka ana ndama wa kutazama.

Mimi nilikaa chini nikalia. Si kilio cha huzuni. Nililia mpaka mume wangu akaja akaufungua ule mzigo mwenyewe, akarudisha sufuria jikoni.

Mtoto alizaliwa Ilomba, wa kiume, mzito kama gunia. Sasa hivi ni mstaafu.

Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hatukuwahi kusemezana hata neno, si shukrani, si pole, si salamu. Mwiko ulibaki pale pale na mimi niliuheshimu, wala sijuti.

Ila lile tangi lilitoboka tena, mara mbili. Na kila mara ilikuwa hivi. Analitoa, anamwaga pande zote mbili, analileta mwenyewe mpaka kwenye ua wa matete, analiweka upande wangu na kuondoka zake shambani. Halafu nyumba nzima inakuwa na shughuli mahali pengine.

Mimi natoka, nalijaza maji, namwaga, nalijaza tena mpaka shingoni. Naingia ndani.

Akirudi anainama na kulitazama. Anatia kidole kwenye maji, kuhakikisha. Anawasha jiko.

Basi funzo lenyewe ni hili, na nitaliandika kavu kavu. Tangi tupu si salama, tangi lililokauka si salama, kukosa harufu si kipimo. Mwaga pande zote mbili. Lioshe kwa maji moto na sabuni. Lijaze maji mpaka libaki tundu unaloziba tu. Na ukishindwa peleka kwa fundi, hakuna atakayekucheka.

Funzo la pili ni la wale wanaojua kitu na wamekaa nyuma ya matete yao wananyamaza kwa sababu ya heshima. Mimi sina jibu la kila nyumba. Nimesema tu nilichofanya, na nilikifanya huku natetemeka.

Uwanja ni wenu. Mafundi wa matangi semeni mnavyofanya huko mliko, na kina mama mlioolewa kwenye nyumba za kutoonana na wakwe mtuambie mlipitaje. Wa kubisha pia karibuni, nina bando la wiki nzima.